Bafu la Mbao Lililofukizwa Moshi

Wanangu, siku hizi simu ikiita asubuhi sana sishtuki. Natafuta miwani, naangalia ni nani, nakohoa kidogo, ndipo napokea. Zamani nilikuwa naiacha iite mpaka inyamaze, huku nikiomba isirudie, maana kwa fundi wa masinki na mabafu ya mbao simu ya alfajiri ilikuwa na habari moja tu: kuna mahali panavuja. Sasa nimestaafu. Nyumba za watu zikivuja mtapigiwa ninyi. Mgongo wangu umeshukuru, na mke wangu anasema hata kukoroma nimepunguza, ingawa hilo mimi sina namna ya kulihakikisha.

Mnaponijia hapa Maji ya Chai swali lenu huwa ni lile lile. "Shikamoo Babu. Hivi sinki la mbao linafaa kweli nyumbani, au ni mapambo ya wenye pesa zao?" Marahaba. Linafaa, ila si kila mahali wala si kwa kila mtu. Badala ya kuwahubiria, ngoja niwasimulie bafu nililomtengenezea Koko wa Elerai. Humo mna karibu yote niliyoyajua kuhusu kazi hii, na moja ambalo sikulijua kabisa.

Aliyeniletea kazi ile alikuwa Mama Nai, mwalimu wa shule ya msingi, Mwarusha anayeishi Elerai, mjini Arusha. Alishuka kwenye basi mbele ya karakana yangu, akapita katikati ya vitanda na makabati bila kuvitazama, akaniuliza kama kweli mimi ndiye natengeneza mabafu ya mbao. Nikamwambia ndiye. Akavuta kigoda akakaa, na hapo hapo machozi yakamtoka. Mimi nikabaki nimeshika randa, sijui niiweke wapi.

Mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko, yaani bibi, alikuwa amehamia kwake baada ya magoti na nyonga kukaza. Daktari alishauri awe anakaa kwenye maji ya moto mara kwa mara. Lakini wiki ya kwanza tu Koko aliteleza kwenye vigae vya bafuni akaanguka. Hakuvunjika, ila aliogopa, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena mle ndani. Alikuwa anajipangusa kwa kitambaa chumbani kwake, mlango ameufunga. Binti yake kumwogesha? Hilo hata kulitaja hakutaka. Alisema hajawahi kuvuliwa nguo na mtoto aliyemzaa na hataanza uzeeni.

"Fundi, mama amempigia simu kaka yangu Lazaro," Mama Nai aliniambia. "Anataka arudishwe kwake Oldonyosambu. Lazaro mwenyewe anashinda na mifugo, mama atabaki peke yake na ule upepo. Akianguka kule, nani atajua? Nimemwomba Lazaro asubiri kwanza. Amekubali, lakini nikishindwa anakuja na pikapu kumchukua."

Sasa mnaelewa. Kazi haikuwa bafu. Kazi ilikuwa kumfanya mama mzee aingie kwenye maji peke yake, atoke mzima, na apapende kiasi cha kubaki. Nilikubali haraka, kisha alipoondoka nikaanza kujiuliza nimejitia wapi.

Kwa nini mbao? Mnaoishi mjini mnajua baridi ya Arusha mwezi wa saba. Weka maji ya moto kwenye bafu la bati au la saruji: kabla hujamaliza kusugua miguu, yamepoa. Mbao haiyanyang'anyi maji joto lake. Na ukiligusa bafu la mbao asubuhi kwa mgongo mtupu, halikushtui. Mbao isiyopakwa vitu vya kung'aa pia haitelezi ovyo, mguu unaishika. Kwa mzee mwenye maungo yanayouma, hayo si mapambo.

Jikoni ni habari nyingine, na hapa niwe mkweli hata kama nawaharibia biashara. Kuna bwana mmoja wa Njiro nilimtengenezea sinki la jikoni la mninga, zuri mpaka nililipiga picha. Ikaja sherehe ya kipaimara ya mtoto wake. Wamama wa mtaa wakapika uani kwenye mafiga, na mmoja wao, mwenye nguvu zake, akaliinua sufuria la pilau likiwa bado linachemka, akaingia nalo ndani kutafuta pa kulitua. Akalitua kwenye sinki langu. Ulibaki mduara mweusi ambao hata leo upo. Na masizi ya sufuria lile mwingine akayasugua mle mle ndani kwa majivu na mchanga, kama tulivyofundishwa sote na mama zetu. Hakuna aliyekosea hapo, wanangu. Jiko letu ndivyo lilivyo. Kwa hiyo jikoni mshauri mteja aweke sinki la chuma, na la mbao alipeleke pembeni ya meza ya chakula, pa kunawia mikono. Pale litaishi kwa raha.

Tuendelee na bafu. Nilichagua mringaringa, mti ambao wazee wetu wa mlimani walichongea mizinga ya nyuki na mitumbwi ya kuchachushia pombe ya ndizi. Wengine walinishangaa, maana kuna mbao ngumu zaidi. Lakini mti uliokaa na pombe miaka yote hiyo bila kulalamika hautashindwa na maji ya kuogea. Aliyenifundisha kuujua alikuwa Mzee Anaeli, jirani yetu kule juu, mzee wa kanisa siku ya Jumapili na mchonga mitumbwi ya pombe siku nyingine zote. Sikumwona hata mara moja akisumbuka na jambo hilo.

Mzee Anaeli hakukausha gogo juani. Alilifunika kwa majani makavu ya migomba, kivulini, akaendelea na mambo yake kana kwamba amelisahau. Nikimharakisha aliniuliza kama nina basi la kuwahi. Ubao unaokauka taratibu hautakugeuka baadaye, ndiyo maana ninyi mnaonunua mbao mbichi asubuhi na kuziranda jioni mnanitia huruma. Lakini mtumbwi ukishaanza kazi, mzee hakuuacha ukauke tena. Aliacha maji kidogo ndani, akaufunika. "Ukiuacha mkavu utapasuka, halafu utakuja kunililia mimi," aliniambia. Kuna hoteli moja chini ya mlima waliliacha bafu langu tupu msimu wa wageni ulipoisha, madirisha wazi, jua linaingia. Waliponiita, mwanga ulikuwa unapita kati ya ubao na ubao. Nilikaa pale na mablanketi mabichi nikiliuguza kama mtoto mwenye homa mpaka likajifunga.

Bafu la Koko nililijenga kama pipa lililokatwa, pana na si refu sana. Mbao zimechomekana ubavu kwa ubavu, ulimi wa ubao mmoja ndani ya mfuo wa mwingine, bila gundi, nje nimezifunga mikanda miwili ya chuma yenye nati za kukazia. Chini niliweka vibao vya kulinyanyua ili hewa ipite, maana bafu la mbao halianzi kuozea ndani mnakosugua, linaanzia chini msikokuona. Ndani niliweka benchi fupi. Na ukingo wa upande mmoja niliufanya mpana, wa kukalia: mtu anakaa kwanza, anageuka, anaingiza mguu mmoja, kisha mwingine, huku ameshika kipini nilichokifunga ukutani. Hilo la kukaa nililipima kwa mke wangu. Alikubali kulijaribu akiwa na nguo zake zote, tena kwa masharti kwamba jirani yeyote asiitwe kuja kutazama.

Najua mtauliza kuhusu epoksi, ile gundi ya kumwaga inayoganda kama kioo. Ninyi mnaojifunza mtandaoni mnaimwaga juu ya kila kitu mpaka ubao unang'aa kama peremende. Siichukii. Kwa sinki dogo la kunawia inafaa ikipakwa na mtu mvumilivu. Lakini bafu hutanuka na kusinyaa kila likitumika, na ule ugumu wa juu hupata ufa usioonekana. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, ubao unaoza huku juu unapendeza. Mimi nilipaka mafuta ya mbao na nta ya nyuki tu, nikampa Mama Nai masharti mawili: asisugue kwa dawa ya choo, na asiliache kavu.

Jumatano tukalifunga bafuni kwake, fundi bomba akaunganisha mfereji wa kutolea maji. Nilikuwa na furaha. Tukamwita Koko aje aone.

Alikuja taratibu na mkongojo wake, shuka begani. "Takwenya, Koko," nilimsalimu, na kwa Kimaa nilikuwa najua hilo tu. "Iko," alijibu. Akasimama mlangoni pa bafuni bila kuingia. Akanyoosha mkongojo akaligonga bafu mara kadhaa. Akavuta hewa puani.

"Hii ni ya kunyweshea ng'ombe," alisema.

"Mama, ni ya kuogea. Fundi ameitengeneza kwa ajili yako," Mama Nai alimbembeleza.

"Mimi siyo ng'ombe. Na inanuka duka." Akageuka kurudi chumbani, na njiani akamwambia binti yake kwa Kimaa maneno ambayo sikuyaelewa. Sura ya Mama Nai ilinitafsiria. Baadaye aliniambia: Koko alikuwa amempigia tena Lazaro, na safari hii Lazaro hakubishana naye. Alikuwa anakuja Jumamosi asubuhi.

Nilirudi Maji ya Chai nimenyong'onyea. Nimewahi kukataliwa meza, milango, hata jeneza moja ambalo ndugu walisema ni fupi, lakini sikuwahi kuumia namna ile. Nililala nikimwona yule mama peke yake Oldonyosambu, kwenye sakafu, anaita.

Alhamisi Mama Nai akanipigia simu. "Fundi, njoo. Mama amesema chombo hakijafukizwa."

Kwa wale msiojua: Waarusha na Wamaasai hawatii maziwa kwenye kibuyu hivi hivi. Wanachukua kijiti cha mti wanaouita oloirien, mzeituni wa porini, wanakichoma mpaka kinakuwa kaa jekundu, wanakisugulia ndani ya kibuyu. Moshi unaingia kwenye ngozi ya kibuyu, harufu mbaya inatoka, maziwa yanakaa. Koko alikuwa amelitazama bafu langu usiku kucha kichwani mwake akaona kosa ni hilo tu. Chombo kipya, cha mti, cha kuwekewa kitu cha majimaji, kimeletwa ndani bila moshi. Nani angekitumia?

Nilifika nikakuta tayari wametumana sokoni, oloirien imepatikana, makaa yanawaka kwenye karai la chuma. Koko amekaa kwenye kiti koridoni, anaamuru.

"Koko, subiri," nilisema. "Nimepaka mafuta na nta. Moto ukigusa pale, tutapoteza bafu na nyumba pamoja."

Alinielekezea mkongojo. "Ninyi Wameru chombo chenu ni cha pombe," alisema. "Cha maziwa mnajua?"

"Hatujui, Koko."

"Basi kaa hapo."

Nikakaa. Lakini nilikuwa na ndoo ya maji mkononi, na madirisha yote niliyafungua. Karai liliwekwa juu ya matofali katikati ya bafu, vijiti vya oloirien vikawekwa juu ya makaa, blanketi bichi likafunika juu. Moshi ukajaa. Ukatoka bafuni, ukapita koridoni, ukatoka nje kupitia madirisha yote ya nyumba ile kama vile tunachoma mkaa. Jirani mmoja akaruka ukuta na ndoo yake, akaingia mbio akipiga kelele za moto, nikamshika shati mlangoni kwa bahati tu, maana alikuwa ameshainua ndoo kumwagia kila mtu. Koko peke yake hakukohoa. Mwishoni alisimama, akaingia bafuni kwa mara ya kwanza tangu aanguke, kijiti chenye kaa mkononi, akausugua ukingo wote yeye mwenyewe, taratibu, sehemu kwa sehemu.

Kisha akanusa. "Sasa jaza maji," alisema.

Tukajaza. Na hapo, wanangu, nikaona nilichokiogopa maisha yangu yote. Joto la makaa lilikuwa limezikausha mbao. Maji yalianza kutoka kati ya ubao na ubao, kwanza matone, halafu michirizi, yakasambaa juu ya vigae vile vile vilivyomwangusha Koko. Nikapiga magoti na spana, nikakaza nati mpaka vidole vikauma. Michirizi ikapungua, haikukoma. Mama Nai akakaa juu ya beseni lililogeuzwa, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Jumamosi ataondoka."

Nilimweleza kwamba mbao zitavimba zijifunge, lakini sikuweza kumwahidi kwamba zitamaliza kabla ya Jumamosi. Sikuwahi kulikausha bafu kwa moto kabla ya siku ile, wala sikujua mtu aliyewahi. Koko alisikia sauti zetu akauliza kuna nini. Binti yake akamwambia linavuja.

"Si jipya?" Koko aliuliza. "Acheni linywe."

Alisema hivyo akaenda kulala. Mimi nilitandika magunia na matambara kuzunguka bafu, tukaongeza maji kila yaliposhuka. Kabla sijaondoka nilikaza nati kidogo tena, si sana, maana ukizikaza kupita kiasi ubao unaotaka kuvimba unakosa nafasi na kuvunjika ulimi wake. Hilo mlikumbuke hata mkisahau mengine yote.

Ijumaa asubuhi nilifika kabla ya chai. Niliingia bafuni moja kwa moja hata salamu sikumaliza. Nikapitisha kiganja kwenye kila kiungo. Pakavu. Nikapitisha tena chini, kwenye vibao, kwenye tundu la maji. Pakavu. Niliweka paji la uso kwenye ubao ule unaonuka moshi nikamshukuru Mungu kwa Kimeru, kwa sababu Kiswahili kingechelewa kunitoka.

Tulimwaga maji ya baridi, tukajaza ya moto. Koko akaingia akiwa na shuka lake, akatuambia tutoke tufunge mlango. Tukafunga. Tukasimama koridoni, mimi na Mama Nai, kama watu wanaongoja nje ya chumba cha upasuaji. Tulisikia mkongojo ukiegeshwa ukutani. Tukasikia benchi likilia kidogo, kisha maji yakitikisika. Halafu kimya.

Kimya kikawa kirefu. Mama Nai akashika kitasa. Nikatikisa kichwa asifungue, lakini sikio langu lilikuwa limeshagusa mlango. "Mama?" aliita. Hakuna jibu. "Mama!"

"Nini?" Koko alijibu kutoka ndani. "Maji ya moto bado yapo?"

"Yapo, mama."

"Ongeza."

Mama Nai akakimbia jikoni. Aliporudi na ndoo akaipitisha kwa ufa wa mlango huku ameangalia pembeni, kama alivyoagizwa. Simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa Lazaro, anauliza Jumamosi aje saa ngapi. Akaisogeza simu mlangoni. "Mama, ni Lazaro. Anauliza kesho aje saa ngapi."

Tulisikia maji yakimwagwa, taratibu, na mtu mzima akishusha pumzi ndefu sana, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Mwambie asije," Koko alisema. "Kesho naoga."